Watoto wa Meza

Kibano kilishuka kwenye tundu la meza, kikagonga kitu, kikasimama.

Niliutarajia mlio mwingine. Kibano cha chuma cha seremala, kile chenye mguu wa mviringo na mkono uliopinda kama shingo ya korongo, ukikipiga nyundo ya mbao kichwani hutoa mlio mzito unaousikia mpaka kwenye nyayo. Mguu unajikaza upande ndani ya tundu, mkono unaukandamiza ubao, na ubao hautikisiki tena hadi ukigonge kibano kwa nyuma kiachie. Mimi nilipata mlio mkavu, mfupi. Ko. Mguu ulikuwa umevuka sentimita 8 za unene wa meza, ukashuka upana wa kidole zaidi, ukakutana na kifuniko chembamba nilichokiweka juu ya droo ili vumbi lisiingie.

Nikajaribu tundu la pili. Ko.

La tatu. Ko.

Nilivuta droo ya juu. Patasi zangu sita zilikuwa zimelala, kila moja kwenye kitanda kilichochongwa kwa umbo lake, mafuta bado yanang'aa kwenye makali. Zilipendeza sana. Nikaisukuma droo ikarudi bila kelele, kama nilivyoipanga irudi, halafu nikakaa kwenye kigoda kuitazama meza ya useremala iliyonichukua miezi minne.

Haikuweza kushika ubao.

Wiki kadhaa zimepita tangu jioni ile, na bado mlio ule unanirudia nikiwa nimelala. Nimeona niandike.

## Ubao wa juu nilioufanya kifuniko

Nilianza na karaha moja tu: kutafuta. Kwa miaka nimepiga randa juu ya mlango mkuukuu uliolazwa kwenye masanduku mawili, zana zikiwa kwenye ndoo, chini ya ndoo, nyuma ya ndoo. Skwea naishika sasa hivi, nikigeuka haipo. Penseli ndiyo kabisa. Kwa hiyo siku niliyoamua kujijengea meza yangu mwenyewe, nilianza na zana. Nilizitandaza zote sakafuni, nikazipima moja moja kwa futi, nikazipanga kwa familia: za kukata, za kutoboa, za kupimia, za kunolea. Kisha nikachora droo 12, safu nne za tatu tatu, zikijaza nafasi yote kuanzia mbao za chini zinazounganisha miguu hadi tumbo la meza, yaani uso wa chini wa ubao wa juu.

Ubao wa juu niliuchora mwisho. Mstari mmoja, kama mtu anavyofunika sufuria.

Nikiutazama mchoro ule leo naona kosa lote limelala kwenye mpangilio huo wa penseli. Lakini wakati ule sikuliona, na sitaki kusema nilikuwa mzembe, kwa sababu sikuwa. Ubao wa juu wenyewe niliufanyia kazi kwa heshima zote. Vipande 15 vya msonobari, kila kimoja unene wa milimita 40, nikavisimamisha ubavu kwa ubavu na kuviunganisha kwa gundi hadi nikapata upana wa sentimita 60, urefu wa mita 1.8. Niliunyoosha kwa randa ndefu, nikikagua kwa fimbo mbili zilizonyooka: moja huku, moja kule, unainama, unafumba jicho moja, unaangalia kama kingo zake zinaenda sambamba. Zisipoenda sambamba, ubao umejipinda, na macho yako peke yake yasingekuambia. Kimo nikakipima kwa mwili wangu. Nilisimama wima, mikono nimeiachia ining'inie, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye vifundo vya ngumi. Sentimita 86. Chini ya hapo mgongo ungelalamika, na juu ya hapo nisingepata uzito wa kifua nyuma ya randa.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sijajiuliza ni meza inafanya nini.

## Mtoto wa meza

Kiswahili kina jina zuri la droo, na nimelitumia maisha yangu yote bila kulitazama vizuri. Mtoto wa meza. Ukishalitamka, ulimi wenyewe unakupeleka kwenye "yeye": mtoto wa meza amekwama, mtoto wa meza amefunguka, mrudishe. Meza kwa hiyo ni mama.

Mimi nilikuwa nimempa mama huyu watoto kumi na wawili, nikawapanga kuanzia magotini hadi kifuani, wote wameshikana bila hata nafasi ya kupitisha mkono. Kisha nikampa kazi ya kushika mti unaopigwa nyundo.

Nilipolifikiria hivyo, niliona haya. Nilikuwa nimejenga kabati lenye mgongo mnene.

## Meza za watu waliotutangulia

Nilikwenda kuangalia wengine walifanyaje, kwa sababu ukikwama ni vizuri kujua wenzako walipita wapi.

Kwenye Herculaneum, mji wa Kirumi uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, palikuwa na picha ya ukutani inayoonyesha viumbe wadogo wenye mabawa wakifanya useremala. Meza yao ni gogo fupi lenye miguu, chini kiasi cha goti, ubao umelazwa juu yake na wawili wanavuta msumeno. Basi. Hakuna kabati, hakuna chochote chini. Ngome ya Kirumi ya Saalburg, nchini Ujerumani, nako zilipatikana meza za kazi zenyewe, mbao halisi, zilizohifadhiwa na maji ya visima karne na karne. Nazo ni hivyo hivyo: ubao mnene, miguu, matundu.

Matundu ndiyo yaliyonishika.

Watu wale walikuwa na zana, tena nyingi. Randa za Kirumi zimechimbuliwa, na patasi, na misumeno. Walikuwa na mahali pa kuziweka, sina shaka. Lakini walipofika kwenye meza yenyewe, walitumia ujuzi wao wote kwenye jambo moja: mti utulie wapi, uzuiwe na nini, ubanwe vipi. Hata André Jacob Roubo, fundi wa Paris aliyeanza kuchapisha maelezo yake makubwa ya useremala mwaka 1769, meza yake ina droo ndogo tu pembeni na rafu chini kabisa karibu na sakafu. Patasi zinasimama kwenye ubao wa nyuma. Katikati, chini ya ubao wa juu, ni hewa tupu. Na uso wa miguu yake ya mbele uko sawasawa kabisa na ukingo wa meza, ili mlango mzima au ubao mrefu uweze kuegemezwa pale ukasimamishwa na kubanwa. Meza nzima, mbele na juu, imekuwa chombo kimoja cha kushikia.

Nilikaa na mchoro wake usiku mmoja mzima. Hewa ile ilinisumbua kuliko mbao zake zote.

## Njia za kukwepa

Sikukubali mara moja. Nilijaribu kuiokoa kazi yangu kwa kila hila.

Hila ya kwanza ilikuwa kuufupisha mguu wa kibano. Nilikaribia kuushika msumeno wa chuma. Halafu nikajaribu kwa mkono, taratibu, nikaona jinsi kinavyofanya kazi: ukibana ubao mwembamba mguu unashuka sana chini ya meza, ukibana gogo nene mguu unapanda. Urefu ule ndio unaokipa uhuru. Mguu mfupi ungenifaa kwa mbao za unene mmoja tu, na siku nikileta kipande kinene usingefika hata kwenye tundu.

Hila ya pili ilikuwa kutoboa kifuniko cha vumbi, mguu uingie ndani ya droo. Yaani chuma kishuke katikati ya patasi zangu. Wazo hilo halikuishi hata saa moja.

Ya tatu, kusahau matundu na kutegemea jiliwa peke yake, ile taya ya kukaza kwa skrubu inayofungwa kwenye meza. Hii ndiyo iliyonidanganya muda mrefu, wiki mbili nzima, kwa sababu jiliwa linashika vizuri na lilikuwa limekwishafungwa. Nikajiambia: mafundi wangapi wana jiliwa tu na wanaishi? Nikaendelea na kazi. Kisha siku moja nikahitaji kuunganisha fremu ndogo kwa gundi, nikaiweka ukingoni mwa meza, nikachukua klampu kuibana pale. Taya la chini la klampu halikupata pa kuingia. Chini ya ukingo palikuwa na uso wa droo.

Gundi ilikuwa imekwishapakwa. Gundi nyeupe haisubiri. Una dakika chache tu kabla haijaanza kushika. Nilizunguka meza mzima mzima nikitafuta pa kupachika klampu, pande zote nne, na pande tatu kati ya hizo nilikuwa nimezijaza. Nikaishia kuibana fremu ile sakafuni, nimepiga magoti, huku meza yangu mpya imesimama juu yangu.

Pale magotini ndipo nilipokubali.

## Chaki nyuma ya mlango

Lakini kukubali kwamba kitu kimekosewa si sawa na kujua cha kufanya. Ilibidi kwanza nijue watoto gani wanabaki.

Jibu lilianzia kwa kijana anayekuja kunisaidia mwisho wa wiki. Alikuwa anafagia maranda, akasimama, akaangalia meza.

"Fundi, naomba kuuliza."

"Uliza tu, mwanangu."

"Droo zote zimefungwa, lakini zana ziko juu. Leo nimezihamisha mara tatu ili nifute meza. Zile droo ni za nini?"

Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na mimi sikuwa na jibu. Nilitazama: skwea, penseli mbili, nyundo ya mbao, patasi mbili, randa fupi, kitambaa cha mafuta. Vyote vimelala juu ya meza katikati ya maranda, kama enzi za ndoo.

Tulichukua kipande cha chaki. Kila mkono wangu ulipoinua zana, kijana, au mimi nikiwa peke yangu, alichora mstari nyuma ya mlango kwenye jina la zana hiyo. Tulifanya hivyo wiki tatu. Sijawahi kujifunza kitu chochote kuhusu kazi yangu mwenyewe kwa haraka namna ile.

Penseli na skwea ziliziacha zana nyingine mbali sana, mistari yake ikapanda hadi kwenye bawaba. Nyundo ya mbao ikafuata. Kati ya patasi sita, mbili tu zilikuwa zikifanya karibu kazi yote. Nne zilizobaki zilikuwa zikilala kwenye vitanda vyao. Randa fupi niliishika mara nyingi kuliko randa ndefu niliyoijengea droo pana kuliko zote. Keekee ya mkono, ile ya kutobolea mti, ambayo niliipa nafasi ya heshima safu ya juu kabisa, haikupata hata mstari mmoja.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo chaki haikuonyesha, mwili ndio ulionionyesha. Droo hufunguka kuelekea tumboni mwako. Unasimama mezani, mkono wa kushoto umeshika mti, unataka patasi: sharti uuache mti, urudi hatua nyuma, uiname, uvute, uchague, usukume, urudi. Mtu hawezi kufanya hivyo mara hamsini kwa siku. Atafanya mara mbili, halafu ya tatu ataiacha patasi juu ya meza, na ya nne hataifungua droo tena. Nilikuwa nimejilaumu kwa uvivu. Haukuwa uvivu; mkono ulikuwa na akili kunizidi.

Kwa hiyo zana za katikati ya kazi, zile ambazo mkono unazidaka bila mguu kusogea, hazifai droo. Droo ni ya mwanzo wa kazi na mwisho wa kazi: mawe ya kunolea, meno ya keekee, tupa, visu vya akiba vya randa, vigezo vya mbao ambavyo unavitoa mara moja asubuhi na kuvirudisha jua likizama. Nilipozipanga upya kwa hesabu hiyo, zikanitosha droo sita.

Sita zilikuwa za bure.

## Msumeno

Safu mbili za juu ndizo zilizopaswa kuondoka. Droo sita, pamoja na fremu iliyozibeba.

Zilitoka kwa urahisi, moja baada ya nyingine, nikaziegemeza ukutani. Fremu ndiyo iliyokuwa na gundi. Na kiungo kilichoshikwa vizuri kwa gundi ya mbao hakifunguki. Ukikilazimisha, mti wenyewe unapasuka pembeni kabla gundi haijaachia. Ni lazima ukate.

Niliweka msumeno mahali pake nikausimamisha. Nakumbuka nilitoka nje, nikanywa maji, nikarudi. Nikatoka tena. Viungo vile vya ulimi na tundu nilikuwa nimevichonga kwa mkono, kila ulimi umeingia kwenye tundu lake ukihitaji kusukumwa kwa kiganja tu, wala si kwa nyundo. Mafundi mtanielewa. Si rahisi kuingiza meno ya msumeno kwenye kiungo cha namna hiyo ukiwa wewe ndiye uliyekichonga.

Nikavuta.

Nilipofika boriti ya tatu, ile iliyokuwa imefungwa moja kwa moja kwenye tumbo la meza, msumeno ulianza kubanwa. Nilifikiri nimekata upande. Nikawasha taa nikainama kuangalia, na hapo nikaona kitu ambacho nisingekiona kamwe kama droo zingebaki: ufa. Mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja, ukianzia mwishoni mwa ubao wa juu na kufuata nyuzi kuelekea katikati.

Moyo ulinienda mbio.

## Kumbe ilikuwa inavutana

Mbao haifi ikishakatwa. Inaendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kila inapofanya hivyo inapanuka na kusinyaa. Si kwa urefu. Kwa urefu mabadiliko ni madogo mno kiasi cha kutohesabika. Ni kwa upana, kukata nyuzi. Ubao wa msonobari wenye upana wa sentimita 60, unyevu wake ukipanda au kushuka kwa asilimia 4 hivi kati ya majira ya mvua na kiangazi, unaweza kubadilika kwa milimita 5 au 6. Kwa macho si kitu. Kwa skrubu iliyozama ni umbali mkubwa sana.

Hili nalo nilikuwa nalijua. Nimelieleza mara nyingi kwa wengine. Lakini nilipokuwa najenga fremu ya droo, nilitaka kila kitu kikae kimya: droo zinahitaji fremu isiyosogea, vinginevyo zinakwama. Kwa hiyo niliufunga ubao wa juu kwenye fremu kwa skrubu mbele, katikati na nyuma, ukakazwa pande zote. Kiangazi kilipokuja ubao ulitaka kusinyaa, fremu ikakataa. Kwa sababu ya droo nilikuwa nimeukataza ubao wa juu kupumua.

Sijui ningeligundua lini. Labda siku ufa ungepanda hadi juu, nikiwa napiga randa, na kidole changu kikaupitia.

Niliweka gundi ndani ya ufa, nikaubana usiku mzima. Kisha nikaufunga upya ubao kwenye miguu kwa njia nyingine: mbele umeshikwa imara, hausogei, ili ukingo ubaki sawasawa na uso wa miguu, nyuma matundu ya skrubu nimeyarefusha yawe kama vijia, skrubu ikae katikati yenye nafasi ya kwenda na kurudi. Ubao upanuke upendavyo, kuelekea nyuma, mahali ambapo haumsumbui mtu.

Hofu yangu nyingine ilikuwa mtikisiko. Nilidhani fremu ya droo ndiyo iliyokuwa ikiituliza meza. Nikaishika pembe, nikaisukuma kwa bega. Ilitikisika kidogo, kweli, kidogo kiasi cha kunikera. Tiba haikuwa kurudisha kabati. Nilitoboa viungo vya miguu na mbao za chini, tundu la kwenye ulimi nikalisogeza milimita 2 kuelekea bega la kiungo, pale ulimi unapoanzia, nikapigilia vigingi vya mbao ngumu. Kigingi kikipita kwenye matundu yasiyolingana kinavuta ulimi ndani kwa nguvu zake zote, na kinaendelea kuvuta mwaka hadi mwaka hata gundi ikichoka. Baada ya vigingi vinane nilisukuma tena kwa bega. Kilichosogea kilikuwa mimi.

Uzito wa zana nao uko chini sasa, kwenye droo sita zilizo karibu na sakafu, unaivuta meza ing'ang'anie ardhini. Droo zina kazi ya pili ambayo sikuipanga, nami nimeipokea kwa shukrani.

## Shubiri moja

Kati ya tumbo la meza na droo ya kwanza sasa kuna shubiri moja. Nilipima kwa kiganja, dole gumba hadi kidole kidogo, ndipo nikapima kwa futi: inazidi sentimita 20 kidogo.

Mguu wa kibano unaingia wote. Taya la klampu linapita popote. Mkono wangu nao unapita, na hiyo ndiyo furaha ambayo sikuitegemea: naweza kupapasa kwa chini, kusukuma juu kigingi kilichokwama, kushika kitu kwa pande mbili.

Nilishawishika kuweka rafu pale. Siku tatu nilikuwa nikiingia karakana na kuona nafasi tupu, na macho yangu yanaijaza yenyewe: hapa randa, hapa msumeno mfupi. Nilianza hata kupima. Nikaacha. Kinachokaa pale ni maranda tu yanayopenya kwenye matundu, nayakusanya kwa mkono kila jioni.

Zana za mistari mingi zimehamia nyuma ya meza, kwenye ubao mwembamba wenye mianya, patasi mbili zimesimama, skwea, penseli. Nimeutengeneza ubao huo wa kunyanyuka, kwa sababu siku ukileta ubao mpana kuliko meza, kitu chochote kilichoinuka nyuma kinakuwa adui. Nauinua, nauweka chini, nafanya kazi, naurudisha.

Vipini vya droo navyo nimeving'oa. Vilikuwa vya shaba, vizuri, vimetokeza kidole kimoja. Kitu chochote kinachotokeza mbele kinakunyima uso wa kuegemezea ubao mrefu unapotaka kuunyoosha ukingo wake. Badala yake nimechonga kishimo cha vidole ndani ya uso wa kila droo, chini kidogo, kidole kinajikunja na kuvuta. Matundu ya skrubu za shaba nimeyaziba kwa vijiti. Yanaonekana, na yatabaki yakionekana.

Jambo moja zaidi, nalisema kwa wale watakaojenga, kwa sababu linaweza kuchoma nyumba. Meza nimeipaka mafuta ya kitani. Vitambaa vilivyoloa mafuta hayo, ukivirundika au kuvifungia kwenye droo, hupata joto vyenyewe vinapokauka na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Usivitie hata kwa dakika moja kwenye kabati lako jipya. Vitandaze nje, kimoja kimoja, hadi vikakamae.

## Sita zilizobaki

Droo sita za juu zilikaa zimeegemea ukuta muda mrefu. Sikuweza kuzitupa, wala kuzifanya kuni. Nilizikwepa nikipita. Kuna moja, ile ya patasi, ambayo bado ilikuwa na vitanda vyake sita vilivyochongwa, na kila nikiiona nilikuwa naisikia ile ko.

Jumamosi iliyopita kijana alimaliza kufagia mapema. Alisimama mbele yake.

"Fundi, hizi utazirudisha?"

"Hapana."

Akanyamaza kidogo. Akaipiga pembe ya droo ile kwa kifundo cha kidole, kama anavyoniona nikizipiga mbao kuzisikiliza.

"Naomba hii moja."

Nilimwambia vitanda vile vimechongwa kwa patasi zangu, za kwake hazitakaa. Akasema hana patasi sita, anazo mbili, na atavichonga upya polepole kadiri atakavyopata nyingine. Akanionyesha kwa kidole kile ambacho angeanza nacho: angekipanua hapa, angejaza kule.

Tukaibana droo juu ya meza, kibano kimoja kila upande. Nilimpa nyundo ya mbao. Akapiga mara moja, mguu ukashuka kwenye tundu ukajikaza, na meza ikatoa ule mlio mzito. Akanitazama. Nikamwambia apige na cha pili, kisha nikamsogezea patasi.